"Tumshukuru Mungu": dini inamfanyia nini kijana aliyechoka?

Mtu akikuuliza "Habari za siku?" na wewe jana usiku hukupata usingizi, kodi ya chumba inaisha wiki ijayo, na barua ya maombi ya kazi uliyopeleka tangu Machi haijajibiwa, utamjibu nini? Wengi wetu tutasema, "Tumshukuru Mungu." Mwenzetu Mwislamu atasema, "Alhamdulillahi." Halafu tunaulizana habari za nyumbani, kila mmoja anashika njia yake.

Jibu hilo nimelitumia miaka mingi na bado nalitumia. Lina adabu, halimwelemei anayeuliza, na kuna siku ni kweli tupu. Kuna siku nyingine ni pazia. Kwa kuwa maneno ni yale yale, aliye mzima na aliye hoi wanasikika sawa, na nadhani ndiyo maana mjadala wa dini na afya ya akili ya vijana hutushinda mapema. Utasikia kwamba kijana mwenye sonona amepungukiwa maombi. Ukifungua simu, utasoma kwamba dini ndiyo iliyomharibu. Wote wanaizungumzia dini kama kidonge, ama kinatibu ama hakitibu. Mimi naiona kama mkeka: kwa mbali ni kitu kimoja, ukiukaribia unaona kili zilizoshonwa pamoja, na ukili mmoja ukioza, za jirani zinaweza kuwa nzima kabisa.

Wastani unavyoficha mambo

Mwaka 2003 watafiti watatu wa Marekani, Timothy Smith, Michael McCullough na Justin Poll, walikusanya matokeo ya tafiti 147 zilizohusu watu karibu 100,000. Walitaka kujua kama watu wa dini wana dalili chache zaidi za sonona. Ndiyo, wanazo chache, ila kwa kiasi kidogo mno. Uhusiano waliopata ulikuwa -0.096. Kwa lugha ya kawaida, ukichukua tofauti zote zilizopo baina ya watu katika kusononeka, kiwango cha udini kinaeleza chini ya asilimia 1 ya tofauti hizo.

Mtu angeweza kufunga daftari hapo na kusema dini si lolote si chochote. Angekosea, kwa sababu utamu wa utafiti ule uko chini ya wastani. Kwa watu waliokuwa wamepatwa na jambo zito karibuni, uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi. Na kulikuwa na aina mbili za waumini ambao kwao mambo yaligeuka. Wa kwanza ni wale wanaoishika dini kwa ajili ya kitu kingine, iwe hadhi au kujuana na watu. Hii ni tofauti ambayo Gordon Allport na Michael Ross waliipima mwaka 1967, kati ya anayeiishi dini yake na anayeitumia. Wa pili ni wale ambao shida ikiingia mlangoni humwona Mungu kuwa anawaadhibu au amewatupa. Makundi haya mawili yalikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona. Changanya chai ya moto na maji ya barafu, halafu pima: utaambiwa kinywaji ni vuguvugu, na hakuna aliyekunywa vuguvugu.

Kwa vijana hasa, utafiti unaotajwa sana ni wa Ying Chen na Tyler VanderWeele wa Harvard, uliotoka mwaka 2018. Walifuatilia vijana zaidi ya 5,000 kwa miaka kati ya 8 na 14. Waliokuwa wakienda ibada angalau mara moja kwa wiki wakiwa wadogo, walipofika miaka ya ishirini na kitu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 18, wa kusema wana furaha ya juu. Uwezekano wao wa kutumia dawa za kulevya ulikuwa chini kwa takriban asilimia 33. Ni kazi nzuri, lakini wale walikuwa watoto wa wauguzi wa Marekani, wengi wao Wazungu wa hali nzuri. Sijui kama ningemwekea kijana wa Mbagala kiapo kwa takwimu hizo.

Kuna sababu nyingine ya kutozisafirisha takwimu hovyo. Mwaka 2012 Jochen Gebauer na wenzake walilinganisha nchi 11 za Ulaya na kuona kwamba faida ya udini katika kujithamini ilikuwepo zaidi pale ambapo jamii nzima inaithamini dini. Mwaka mmoja kabla, Ed Diener, Louis Tay na David Myers walikuwa wameonyesha jambo la karibu na hilo: maisha yanapokuwa magumu, watu wa dini huwa wengi, na dini huwapatia msaada wa watu, heshima na maana ya maisha. Yaani sehemu ya nafuu anayoipata muumini ni nafuu ya kufanana na wenzake.

Kwetu jambo hilo ni zito kuliko tunavyokiri. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini, katika watu milioni 47 na ushei. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu mwaka 1967, kwa hiyo huku tunabaki kukisia. Kijana asiyeamini anayeishi Tabora au Kakamega akikuambia ana huzuni, usikimbilie kusema ni kwa sababu amemwacha Mungu. Jiulize pia ameachwa na nani. Swali linalomngoja kwenye kila kikao cha ukoo ni moja tu, na si la kifalsafa: "Sasa wewe, ukifa, nani atakuzika?"

Nani atajua kama hukuja?

Ukili ninaouamini kuliko zote ni huu wa watu. Mwaka 2010 Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti kuhusu Wamarekani, dini na kuridhika na maisha. Waliokwenda ibada kila wiki na kuwa na marafiki wa karibu watatu hadi watano ndani ya usharika, asilimia 33 walisema wameridhika mno na maisha yao. Waliokwenda kila wiki lakini bila rafiki hata mmoja humo ndani, asilimia 19. Wasiokwenda kabisa? Asilimia 19 vilevile. Ile safari ya kila Jumapili, peke yake, haikuongeza hata moja.

Lakini usikimbilie kusema basi dini ni urafiki tu na timu ya mpira ingetosha. Waligundua pia kwamba marafiki hao walifanya kazi hasa kwa mtu ambaye imani yenyewe ni sehemu ya anavyojitambua. Rafiki wa kawaida hakuziba pengo lile lile. Kuna kitu katika kuombewa na mtu anayekujua kwa jina ambacho kusindikizwa kwenda uwanjani hakikitoi.

Nilipohamia Dar es Salaam baada ya chuo nilisali miezi mitano katika kanisa kubwa lenye viti vya plastiki hadi barabarani na luninga za kuwaonyesha walioko nje. Mahubiri yalikuwa mazuri, sina kinyongo. Siku moja niliacha kwenda, na hakuna aliyejua. Nilichopata ni ujumbe wa simu unaotumwa kwa wote: "Mpendwa, usikose ibada ya wiki hii." Mpendwa huyo hakuwa na jina.

Mwaka uliofuata nikajiunga na kwaya ya kanisa dogo karibu na nilipopanga, zaidi kwa sababu ya kelele za mazoezi zilizokuwa zikinifikia dirishani kuliko kwa sababu ya wokovu. Mazoezi Jumanne na Alhamisi. Nikakosa mara mbili, nimelala tu chumbani nikitazama dari. Alhamisi usiku mwalimu wa kwaya akanipigia. "Sauti ya nne imebaki na watu wawili, na mmoja wao anaimba ya tatu. Unaumwa?" Nikamwambia, aa, tumshukuru Mungu. Akasema, "Sijamuuliza Mungu, kaka, nimekuuliza wewe."

Tulio kati ya miaka ishirini na mitano na thelathini na mitano tuko pabaya hapa, na si kwa sababu tumeasi. Ukiwa nyumbani unaenda msikitini na baba au kanisani na mama. Unajulikana kabla hujajijua. Chuoni kuna vyama vya wanafunzi wa dini: kuna TAFES na UKWATA za Wakristo, kuna MSAUD ya Waislamu, kuna watu wanaokugongea mlango wa bweni saa kumi na moja alfajiri hata kama hutaki. Halafu unahitimu. Unapanga chumba Kimara au Kasarani, unafanya kazi mpaka Jumamosi, na ule mtandao uliokubeba miaka ishirini unakatika bila wewe kuamua chochote. Imani yako iko pale pale. Waliokuwa wakiishika pamoja nawe ndio hawapo. Maaskofu Wakatoliki wa ukanda huu, kupitia umoja wao, AMECEA, waliliona tatizo la ukubwa wa parokia na mwaka 1976 wakazipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele. Wazo zuri sana. Ila nenda jumuiya yoyote ya mtaani uhesabu walio chini ya miaka thelathini, uone kama vidole vya mkono mmoja vitakwisha.

Hapo ndipo wengi huanza kusema, "Mimi si mtu wa dini, ila namwamini Mungu." Sina neno na msimamo huo. Lakini Michael King na wenzake, katika utafiti wa zaidi ya watu 7,400 wa Uingereza uliotoka mwaka 2013, walikuta kwamba waliojiita watu wa kiroho wasio na dini walikuwa na matatizo ya akili na ya dawa za kulevya zaidi kuliko hata wasioamini chochote. Haina maana kwamba hali ya kiroho inaumiza. Inawezekana kabisa kwamba aliyeumia ndiye anayeanza kutafuta. Mgonjwa hukutwa hospitali, na hospitali haikumwambukiza.

Mungu yupi?

Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, ametumia miaka mingi kuuliza watu wanafanya nini na imani yao pale mambo yanapoharibika. Yeye na wenzake walitengeneza dodoso fupi la kauli 14, saba za upande mmoja na saba za upande wa pili. Upande wa kwanza kuna mambo kama kutafuta ukaribu wa Mungu na kuomba msamaha. Upande wa pili kuna kujiuliza kama Mungu amekuacha, kuhisi anakuadhibu, kushuku upendo wake, kujiuliza kama kanisa limekutupa, na kuamini kwamba ni kazi ya shetani. Upande huu wa pili, mara nyingi, ndio unaoambatana na sonona na wasiwasi.

Naukubali mgawanyo huo, isipokuwa kwenye shetani. Kwetu sisi, kumtupia shetani lawama mara nyingine ni huruma: mtu aliyefukuzwa kazi anaambiwa ni vita, si uzembe wako, na wenzake wanamzunguka. Lawama imetoka mwilini mwake. Ubaya unaanza pale shetani anapopewa sura ya shangazi, au ya binti wa kazi, au ya yule kijana mwenyewe.

Kauli ya kuadhibiwa ndiyo inayonitisha. Chukua kijana aliyehitimu miaka mitatu iliyopita. Kila Jumapili anasikia shuhuda za waliopanda mbegu na kuvuna magari. Yeye pia amepanda: elfu kumi, elfu ishirini, mara moja nauli ya mwezi. Kazi haijaja. Mahubiri yale hayamwachii njia nyingi za kueleza hali yake. Hawezi kusema uchumi hautoi ajira za kutosha, kwa sababu Mungu wetu hashindwi na uchumi. Kilichobaki ni yeye: imani yake haitoshi, ana dhambi ya siri, kuna laana ya ukoo haijavunjwa. Amekuja na tatizo moja la kazi, anaondoka na mawili.

Cha ajabu ni kwamba vitabu vyenyewe havina haya na malalamiko. Zaburi ya 22 inaanza na mtu anayemuuliza Mungu mbona umeniacha, na hakuna aliyeifuta. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba kimya, wakafanya vyema, mpaka walipofungua midomo kumweleza amekosea wapi. Kwa Waislamu, Sura Adh-Dhuha ilishuka baada ya wahyi, yaani ufunuo, kusimama kwa muda na watu kuanza kumcheka Mtume, na ikamwambia Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia. Soma tena lile dodoso la Pargament, kauli ya kujiuliza kama Mungu amekuacha, uone jinsi aya ile inavyoijibu.

Mwili nao unasali

Hili huwa tunalipita haraka. Sala tano zinaigawa siku, na mtu asiye na kazi ana siku ndefu isiyo na vipande. Kuimba pamoja kunaratibu pumzi. Mwezi wa Ramadhani, rafiki yangu wa Temeke husema huwa na amani kuliko miezi yote, na ukimwuliza sana anakiri kwamba ndio mwezi pekee anaofuturu na watu kila siku.

Upande wa pili wa shilingi ni usingizi. Mikesha mitatu kwa wiki kwa mtu ambaye tayari halali ni kumwagia mafuta ya taa mahali pabaya. Ninayempenda zaidi hapa ni Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii amechoka, amekaa chini ya mretemu jangwani, anaomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumwambia afunge siku tatu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana.

Pale maombi na hospitali vinapokutana

Huzuni ya kufiwa, hofu ya mtihani, mawazo ya kodi: hayo si ugonjwa. Sonona tunayoizungumzia ni pale giza linapokaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, likachukua hamu ya chakula, usingizi, nguvu na ladha ya vitu ulivyovipenda. Likifika kwenye kutamani kufa, haliwezi kusubiri mkesha wa Ijumaa.

Na watu wanakwenda wapi? Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Mdimu Charua Ngoma na wenzake uliofanyika Dar es Salaam. Katika waliokuwa wakihudhuria zahanati na vituo vya afya, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama sonona na wasiwasi. Kwa waganga wa jadi, asilimia 48. Mara mbili. Yaani wanaoumia zaidi walikuwa kwenye foleni ya mganga, na ukifikiri, si ajabu: mganga anakaa nawe, anauliza ndoto zako, jina la mama yako, uligombana na nani. Zahanati unapewa dakika chache na karatasi. Utafiti wa kituo cha Pew cha Marekani wa mwaka 2010 katika nchi 19 za Afrika uliitaja Tanzania miongoni mwa nchi nne ambazo zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini kwamba tambiko kwa mizimu laweza kumkinga mtu, na hao wengi wao ni Wakristo na Waislamu wazuri tu wa mchana. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe kule Dodoma, kwa upande wake, bado tunaitumia kama tusi.

Kwa hiyo mlango wa kwanza wa afya ya akili, kwa vijana wengi, ni wa mchungaji, shehe au mganga, tupende tusipende. Mlango huo unaweza kuwa hatari. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi wakikanyagana kuyawahi mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliokuwa wameambiwa wafunge ili wakutane na Yesu. Dalili za hatari zinafanana popote: unakatazwa dawa, unakatazwa ndugu, swali linaitwa uasi.

Lakini mlango ule ule nimeuona ukifunguka vizuri. Yule rafiki yangu wa Temeke, mwaka alioachwa na mchumba, aliacha kula. Mama yake akamwita shehe wa mtaani aje kumsomea, kwa kuwa ilisemekana ni jini. Shehe alikuja baada ya alasiri, akasoma, akampulizia maji. Alipomaliza akamuuliza kijana maswali matano sita, moja likiwa kama anatamani kufa. Kijana akanyamaza. Shehe akamgeukia mama, akamkumbusha ile hadithi iliyomo katika Tirmidhi, ya bedui aliyeuliza amwache ngamia wake amtegemee Mungu, akaambiwa mfunge kwanza. "Sasa mama, kesho tunaenda kumfunga ngamia."

Nilipofika hospitali asubuhi ya pili nilimkuta shehe kwenye benchi la korido, kofia imekaa gotini, kadi ya mgonjwa mkononi. Alikuwa ameshika namba 31 na walikuwa wameita ya 12. Nikamwambia nitakaa mimi, aende. Akasogea kidogo kunipa nafasi, akabaki.